Oili chafu ya bure inavyowagharimu waendesha bodaboda

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, vijiwe vya bodaboda hugeuka kuwa mabaraza ya uchumi. Bei ikipanda hata kwa shilingi chache kwa lita, nauli hujadiliwa upya na hesabu ya jioni hupigwa upya.

Lipo, hata hivyo, tone jingine la mafuta ambalo halitangaziwi bei na mamlaka yoyote wala halijadiliwi kijiweni, ingawa linagusa mfuko wa dereva na usalama wa abiria wake. Nalo ni tone linalotiwa kwenye cheni ya pikipiki.

Pita katika gereji yoyote ya pikipiki, iwe Mbagala, Buguruni, Mwanjelwa au Igoma, utalikuta kopo lililokatwa juu, lenye mafuta meusi na brashi kuukuu ndani yake. Hiyo ndiyo oili chafu, yaani oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini baada ya kumaliza kazi yake. Fundi huipaka kwenye cheni bila malipo, dereva hushukuru, na safari huendelea.

Wengi huamini kwamba huo ni ubanaji mzuri wa matumizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba sababu ya oili chafu kuendelea kutawala si ujinga wa madereva kama wengine wanavyodai, bali ni namna biashara yenyewe ya bodaboda ilivyopangwa.

Pikipiki iliyoingia kazini

Biashara hii ilitambuliwa rasmi nchini kupitia kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Tangu hapo pikipiki ndogo za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 zimekuwa ajira ya vijana wengi mijini na vijijini, na usimamizi wake umepita kutoka SUMATRA kwenda LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Lililosahaulika ni kwamba kitabu cha maelekezo kinachokuja na pikipiki hizi kinasomeka tofauti kabisa pale chombo kinapoingia kazini. Miongozo mingi hutaka cheni ya pikipiki ndogo isafishwe na kutiwa mafuta kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na mapema zaidi baada ya mvua au vumbi jingi.

Kwa mtumishi anayekwenda ofisini na kurudi nyumbani, kilomita 500 ni safari za mwezi mzima au zaidi. Kwa dereva wa bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku, hizo ni siku nne tu. Kwa hiyo kazi ambayo mwenye pikipiki binafsi huifanya mara moja kwa mwezi, dereva wa bodaboda anapaswa kuifanya karibu kila baada ya siku nne za kazi.

Cheni inavyokufa

Ili kuelewa ubaya wa oili chafu, ni lazima kwanza tuelewe cheni inavyokufa. Aina ya cheni tunayoitumia leo ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake katika jiji la Manchester, Uingereza. Umbile lake halijabadilika sana. Kila pingili ina pini ya chuma inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokutana na meno ya sproketi.

Watu wengi hudhani kwamba cheni huchakaa nje, pale inapogusana na sproketi. Uharibifu mkubwa hutokea ndani, kati ya pini na bushi, mahali ambapo jicho halifiki. Kila pingili inapoingia kwenye sproketi hujikunja, na inapotoka hujinyoosha. Kwa mwendo wa siku moja ya bodaboda, pingili moja hufanya hivyo makumi ya maelfu ya mara.

Madereva husema cheni "imevutika". Kwa kweli chuma hakijavutika hata kidogo. Pini zimelika, bushi zimetanuka, na nafasi ndogo ndogo katika pingili zaidi ya 100 zimejumlishwa zikawa urefu. Hapo cheni huanza kupanda juu ya meno ya sproketi, meno nayo huchongoka kama ya msumeno, na fundi hana la kusema ila kwamba seti nzima ibadilishwe.

Kwa maelezo hayo, mafuta mazuri ya cheni ni yale yanayotimiza mambo matatu. Kwanza, yawe mepesi kiasi cha kupenya hadi kwenye pini. Pili, yawe mazito kiasi cha kubaki humo bila kurushwa na mzunguko au kuoshwa na mvua. Tatu, yasiwe na kitu chochote kinachokwaruza.

Oili chafu ina nini?

Katika pikipiki nyingi za kazi, oili moja huhudumia injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Maana yake ni kwamba inapomwagwa, haitoki na masizi ya moto peke yake. Hutoka pia na chembe za chuma zilizolika kwenye gia, unga wa sahani za klachi, maji, na asidi zitokanazo na uchomaji wa petroli.

Oili hiyo imebadilishwa kwa sababu moja tu: haifai tena kulinda chuma. Kuichukua na kuipeleka kwenye cheni ni sawa na kumwogesha mtu kwa maji yaliyokwisha kufulia nguo. Atalowa kweli, lakini hatatakata.

Zaidi ya hayo, oili chafu hupakwa kwa brashi juu ya cheni ambayo haijasafishwa. Mchanga uliokuwa nje huchanganyika na mafuta, na mchanganyiko huo hupenya ndani kufanya kazi ya msasa. Dereva huona cheni inang'aa na kelele zimepungua, kumbe ndani pini inasagwa.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Cheni iliyopakwa oili chafu ni afadhali kuliko cheni kavu yenye kutu, na dereva aliyekwama porini bila chochote hana sababu ya kulaumiwa akiitumia. Tatizo ni pale dharura inapogeuzwa kuwa desturi ya kila siku.

Njia mbadala na kasoro zake

Wapo wanaokimbilia grisi. Grisi ni nzito, hukaa nje ya pingili bila kufika kwenye pini, na katika barabara za vumbi hukusanya mchanga kama gundi. Mafundi wa zamani waliokuwa wakiitumia walifungua cheni na kuichemsha ndani ya grisi iliyoyeyushwa ili ipenye. Kuipaka kwa kidole juu juu ni kuipamba cheni tu.

Wengine hutumia dizeli. Dizeli husafisha vizuri, lakini ni nyepesi mno kubaki kama kilainisho. Petroli nayo huondoa uchafu haraka, ila ni hatari kwa moto, na kwa pikipiki kubwa zenye cheni iliyofungwa kwa mipira midogo ya kuhifadhi grisi, huiharibu mipira hiyo.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa kisafishio cha kawaida cha mafundi. Mwaka 2011, hata hivyo, Serikali ilipandisha kwa kiwango kikubwa ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Lengo lilikuwa jema, lakini tangu hapo kuosha cheni kwa mafuta ya taa si jambo la bei nafuu kama zamani. Dizeli kidogo kwenye brashi, ikifutwa vizuri kwa kitambaa kabla ya kutia oili, huweza kushika nafasi yake.

Zipo pia dawa za kupuliza zilizotengenezwa mahsusi kwa cheni. Ni nzuri, hasa kwa pikipiki kubwa, lakini kopo moja huisha haraka kwa mtu anayelazimika kulitumia karibu kila baada ya siku nne za kazi. Tena nyingi huhitaji kuachwa kwa muda zikauke kabla ya safari, na muda ndiyo bidhaa adimu kuliko zote kijiweni.

Linalobaki ni jambo la kawaida kabisa: oili ya gia, ile yenye unene wa SAE 80 au 90, ambayo miongozo ya pikipiki za Honda imeitaja kwa miaka mingi kuwa inafaa kwa cheni. Imetengenezwa kustahimili mgandamizo wa meno ya chuma, ina unene wa kutosha kung'ang'ania, na inauzwa karibu kila duka la vipuri. Isipopatikana, oili mpya ya injini hufaa pia, ingawa italazimu kutiwa mara nyingi zaidi.

Hesabu ya lita ya 13

Sasa tuingie katika hesabu. Tuchukue mfano wa dereva anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka atakuwa ametembea kilomita 37,440. Akitia mafuta kila baada ya kilomita 500, atafanya hivyo mara 75.

Cheni yake ina takriban pingili 120. Kila pingili ikipata tone moja upande wa kulia na jingine upande wa kushoto, hayo ni matone 240, ambayo ni kama mililita 12. Zidisha kwa mara 75, utapata mililita 900. Kwa maneno mengine, cheni ya bodaboda inayofanya kazi mwaka mzima haihitaji hata lita moja ya oili safi.

Linganisha na injini. Dereva huyo huyo akibadilisha oili ya injini kila baada ya kilomita 3,000, atanunua kama lita 12 kwa mwaka bila kunung'unika, maana anajua injini ikifa na kazi imekufa. Lita ya cheni ingekuwa ya 13. Hiyo moja ndiyo anayoikwepa, na kwa kuikwepa hununua seti ya cheni na sproketi mapema kuliko ilivyopasa.

Bei za vipuri hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini msomaji anaweza kuuliza mwenyewe katika duka la jirani. Popote ambapo lita moja ya oili ya gia inauzwa chini ya bei ya seti moja ya cheni, dereva atakayeokoa hata seti moja tu kwa mwaka atakuwa amepata faida. Na hapo hatujahesabu nusu siku anayopoteza gereji, ambayo hesabu ya tajiri haiisamehe.

Kwa nini basi hawanunui?

Swali hili ndilo kiini cha mjadala. Jibu la kwanza ni mfumo wa umiliki. Madereva wengi hawana pikipiki zao. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na wapo walio kwenye mkataba, ambao hulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao.

Dereva wa hesabu anajua kwamba pikipiki si yake na kwamba kesho anaweza kunyang'anywa. Hana sababu ya kuwekeza katika cheni itakayodumu hadi mwaka ujao. Tajiri naye haioni cheni, anaiona fedha ya jioni. Kati ya hawa wawili cheni haina mwenyewe.

Dereva wa mkataba ana sababu ya kuitunza, kwa kuwa chombo kitakuwa chake. Lakini matengenezo yote kwa kawaida yako juu yake, na kila asubuhi anaanza siku akiwa na deni. Mtu wa namna hiyo hununua petroli ya shilingi elfu mbili tatu, si lita tano. Kumwambia anunue lita nzima ya oili kwa ajili ya mwaka mzima ni kumtaka awe na mtaji ambao mkataba umekwisha kuuchukua.

Jibu la pili ni hofu ya bidhaa bandia. Dereva anayeamini kwamba chupa yenye nembo nzuri inaweza kuwa imejazwa oili iliyotumika huona ni bora atumie ile chafu ya bure anayoijua. Hapa Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC) zina deni kwa wananchi. Bidhaa bandia humwibia mnunuzi, kisha humfundisha asinunue kabisa hata bidhaa halali.

Si suala la fedha pekee

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa cheni unaweza kuishia barabarani. Cheni iliyolegea na kuchakaa huweza kuruka kutoka kwenye sproketi na kunasa, na gurudumu la nyuma likafunga ghafla. Ikikatika kwa kasi, huweza kupasua ukuta wa injini karibu na sproketi ya mbele, au kumjeruhi aliyeko juu yake.

Katika barabara kama Mandela au Morogoro jijini Dar es Salaam, ambako bodaboda hupita bega kwa bega na malori ya mizigo, pikipiki kusimama bila kutarajiwa ni jambo la uhai na kifo. Abiria hana njia ya kujua kwamba chuma kilichomkalia kisiginoni kimelika.

Lipo pia suala la afya na mazingira. Oili ya injini iliyotumika ina kemikali ambazo, zikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu, zimehusishwa na saratani ya ngozi. Wanaoathirika zaidi ni mafundi vijana wanaoishika kwa mikono mitupu tangu asubuhi hadi jioni. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unayahesabu mafuta ya aina hiyo miongoni mwa taka zinazopaswa kudhibitiwa.

Nchini mwetu, hata hivyo, oili chafu hupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, humwagwa mitaroni, na hupakwa kwenye cheni kisha ikadondoka barabarani. Mvua ikinyesha, yote hukutana Msimbazi.

Nini kifanyike?

Hatua ya kwanza iko kijiweni kwenyewe. Vijiwe vingi tayari vina utaratibu wa kuchangiana katika misiba, magonjwa na ajali. Kijiwe chenye madereva 20, kila mmoja akihitaji lita moja kwa mwaka, kinaweza kununua ndoo moja ya lita 20 kutoka kwa wakala anayeaminika, ikiwa imefungwa kutoka kiwandani. Mzigo wa mtaji utapungua, na hofu ya bidhaa bandia itapungua pia.

Hatua ya pili ni ya matajiri. Mkataba wa pikipiki unaotaja malipo ya kila siku lakini hausemi nani ananunua oili ya cheni ni mkataba unaomdhuru mwenye mali kwanza. Kifungu kimoja kingetosha.

Hatua ya tatu ni ya halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imekuwa ikiwafikia vijana, na pikipiki ni miongoni mwa miradi wanayoiomba. Anayepewa chombo cha mkopo apewe pia mafunzo ya siku moja ya kukitunza. Pikipiki inayolala gereji hairejeshi mkopo.

Kwa dereva mwenyewe, utaratibu ni mwepesi. Cheni isafishwe na kufutwa jioni baada ya kazi, ingali na joto. Injini izimwe kabisa na gurudumu lizungushwe kwa mkono, kwani wapo waliopoteza vidole kwa kuizungusha kwa gia. Oili itiwe tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, pale mabamba yanapokutana, si juu ya rola. Iachwe usiku kucha, na asubuhi iliyozidi ifutwe, ili vumbi lisishike na mafuta yasirukie tairi.

Mara moja kwa mwezi achukue rula ya mwanafunzi na kupima. Katika cheni ya namba 428, inayotumika katika nyingi ya pikipiki hizi, pingili 20 za cheni mpya zina urefu wa milimita 254. Zikifika 259, cheni hiyo imekwisha, hata kama fundi anasema inaweza kupunguzwa pingili moja na kuendelea.

Wapo watakaosema kwamba pikipiki za umeme zitamaliza mjadala huu. Rwanda imekwisha kuanza, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini Kigali zinatakiwa kuwa za umeme. Lakini ni baadhi tu ya pikipiki hizo zenye mota ndani ya gurudumu. Nyingine bado huvuta gurudumu kwa cheni ile ile aliyoibuni Renold, na cheni haiulizi kama nguvu inatoka kwenye petroli au kwenye betri.

Tumezoea kumlaumu dereva wa bodaboda kwa kila jambo, na mara nyingi analo la kujibu. Lakini katika hili la oili chafu, lawama peke yake haitabadilisha kitu. Mtu anayeishi kwa hesabu ya kila jioni atachagua cha bure kila mara, mpaka wale wanaonufaika na jasho lake, yaani tajiri, halmashauri na chama chake cha kijiweni, watakapomsaidia kuifikia ile lita ya 13.